Namba ya koperative isikae katika poshi ya mtu mmoja



Mwaka uliopita, katikati ya mavuno ya kahawa, koperative yetu ilipotea kwenye telefone. Hakuna chombo kilichovunjika, na hakuna mwizi aliyeingia. Telefone ilipanda boti pamoja na sekretere wetu, ikaenda mjini, na haikurudi.

Tueleze vizuri. Sisi ni komite ya koperative ndogo ya kahawa, kwenye milima inayotazama ziwa Kivu. Kwa miaka mitatu mambo yetu yote yalipita katika WhatsApp ya sekretere: mnunuzi wa Bukavu, agronomo, dereva wa kamio, na koperative zingine za jirani. Telefone ilikuwa yake. Namba ilikuwa yake. Hata mega alizinunua yeye mwenyewe mara nyingi, kwa franka zake, na sisi tulisema asante tukaendelea. Alipopata kazi nyingine mjini alituaga vizuri. Aliacha muhuri, makaye na funguo za depo. Namba aliondoka nayo, na nani angemwomba aiache? Mama yake anamwita kwa namba hiyo hiyo.

Kiisha, mnunuzi akaandika. Alitaka sampuli ya kilo mbili za kahawa ya parche mbele ya siku ya Ijumaa. Sekretere alikuwa kwenye kazi yake mpya, pahali ambapo rezo inakuja na kuondoka kama mvua ya mwezi wa saba. Ujumbe ulimfikia nyuma ya siku nyingi. Alifanya alichoweza: alimtuma mtoto wa dada yake apande kutuambia. Tuliposhuka na sampuli yetu, mnunuzi alikuwa amekwisha kujaza kamio kwa koperative nyingine. Kahawa yetu tukaiuza mwishoni mwa msimu, kwa wanunuzi wa kupita njiani, kwa bei waliyoitaka wao.

Hatulaumu sekretere. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu sisi komite.

Njo maana tunaandika leo. Katika kila mkutano tunasikia maneno yale yale: tuletewe intaneti, tupewe telefone kubwa, mradi ututazame. Sisi tunasema hivi: kupiga telefone kwa njia ya intaneti, ndani ya nyumba ambamo waya wa telefone haujaingia hata siku moja, si jambo gumu tena. Halingojei mradi. Kigumu ni kujua namba ni ya nani, mega ni za nani, na nani ana haki ya kuongea. Koperative inayonunua vyombo mbele ya kujibu maswali hayo inajenga nyumba juu ya mchanga.

Waya ambao haukufika

Wazee wetu walingojea waya. Ofisi ya serikali ya posta na telefone, ambayo zamani iliitwa OCPT na leo inaitwa SCPT, iliweka telefone za waya katika miji. Hata huko hazikutosha: ukihesabu nchi nzima, hapakuwa hata laini moja kwa watu mia moja. Katika miaka ya 1980 telefone isiyo na waya ilianza Kinshasa na kampuni ya Telecel, lakini ilikuwa telefone ya wakubwa na matajiri. Kwetu sisi wa vijijini telefone ilianza kuonekana nyuma ya mwaka 2000, minara ilipopandishwa juu ya vilima. Tuliruka waya. Wengi wetu hatujashika telefone ya waya mpaka leo, na hatutaishika.

Lakini kabla ya minara palikuwa na foni. Vijana hawaijui, tuwaambie. Ilikuwa redio ya kuongea, yenye batri ya gari na antena ya waya uliofungwa kati ya miti miwili. Ilikuwa kwenye parokia, kwenye hospitali, kwa wachuuzi wakubwa wa vyakula. Ulifika kwa saa iliyopangwa, ulikaa kwenye benchi, ulilipa, na zamu yako ilipofika uliongea kwa kupaaza sauti, ukamaliza, ukaachia kifungo ili mwenzako wa upande wa pili naye aongee. Watu wote wa kwenye benchi walisikia kwamba shangazi yako amezaa, ao kwamba deni lako la samaki halijalipwa. Siri hapakuwa.

Lakini foni ilikuwa na mambo matatu ambayo telefone zetu za leo zimepoteza. Ilikuwa na nyumba yake. Ilikuwa na masaa yake. Ilikuwa na kaye, ambamo kila neno lililokuja kwa mtu asiyekuwapo liliandikwa, akaitwa. Aliyeiendesha akihama ao akifa, foni ilibaki palepale na mwingine akakaa kwenye kiti. Hakuna aliyewahi kusema, "Foni imeenda mjini na Fulani."

Wazo letu ni hilo. Tuchukue intaneti ya leo, tuitunze kwa adabu ya foni.

Vyombo ni vichache

Tuanze na rezo, kwa sababu bila rezo mengine yote ni mapambo. Mbele ya kununua kitu chochote, mtu azunguke nyumba ya koperative akiwa na telefone mkononi, asubuhi na jioni, na karte za kampuni mbalimbali. Atazame alama iliyo juu ya kioo. Ikiwa ni E, ujumbe wa kuandika na wa sauti utapita, polepole, lakini kuongea kutakatikakatika. Ikiwa ni H, 3G ao 4G, mutaongea. Musichague kampuni kwa sababu ya bei peke yake, ao kwa sababu shemeji wa prezida anauza karte zake. Muchague ile inayoshika pale mulipo.

Kwetu rezo ilikuwa kwenye dirisha moja tu, lile linalotazama ziwa. Ndani, chini ya bati, hakuna kitu, kwa sababu bati linazuia rezo. Tulinunua modemu ndogo inayoingia karte SIM na kutoa wifi. Tukaifunga juu ya mwanzi mrefu, ndani ya kidumu cha plastiki kilichogeuzwa mdomo chini ili mvua isiingie. Sasa wifi inashuka mpaka ndani ya biro, na telefone ya koperative inakaa mezani. Wasio na uwezo wa modemu wanaweza kutumia telefone moja kugawa koneksio kwa nyingine, lakini telefone hiyo itamaliza batri haraka sana.

Umeme: modemu ya namna hiyo na telefone moja haviombi mengi. Plaki ya jua ya wati 20 ao zaidi, batri, na kifaa cha kulinda batri isijae kupita kiasi, vinatosha kwa masaa machache ya kazi kila siku. Mwaka 2025 serikali iliruhusu intaneti ya Starlink inayotoka kwenye setilaiti, na tunasikia wengi wakiiota. Kwa pahali pasipo na mnara kabisa inaweza kuwa jibu. Lakini ile sahani inakula umeme mara nyingi kuliko modemu ndogo, na inalipwa kila mwezi, mukiuza ao musipouza. Kwa koperative ya watu arobaini, tunashauri kuanza na kidogo.

Telefone yenyewe isiwe ya zamani sana. Programu hizi za kuongea zinaacha kufanya kazi kwenye telefone zilizozeeka. WhatsApp, kwa mfano, imekwisha kuacha telefone ndogo za KaiOS ambazo wengi wetu tulizinunua kwa sababu ya bei yake. Ukinunua telefone iliyokwisha kutumiwa, weka programu hapo hapo mbele ya muuzaji, upige, uongee, halafu ulipe.

Sasa mega. Watu wanasema kuongea kwenye intaneti ni bure. Si bure. Programu ndiyo ya bure, lakini njia inalipwa. Kuongea kwa sauti tu kunakula karibu nusu ya mega hadi mega moja kwa dakika. Kwa hiyo mega 100 zinakupa zaidi ya saa nzima ya kuongea, iwe ni na mtu wa kijiji cha pili ao mtoto wako aliye Ubelgiji. Intaneti haiulizi umbali, na hapo ndipo faida yake kubwa. Lakini ukifungua picha ili muonane nyuso, inakula mara nyingi zaidi. Ujumbe wa sauti wa dakika moja, wenyewe, haufiki robo ya mega, na unangoja mpaka rezo ya mwenzako irudi. Ndani ya programu kuna pahali pa kupunguza mega wakati wa kuongea, na pengine pa kusoma mega zilizotumika. Muvitafute vyote viwili siku ya kwanza.

Sisi hatukuvitafuta. Forfe yetu ya kwanza iliisha usiku mmoja, hakuna mtu aliyeongea hata neno. Video za kuchekesha za makundi zilikuwa zinashuka zenyewe tukiwa tumelala, na telefone ilikuwa inajirekebisha programu zake. Mweka hazina wetu aliuliza, "Ni nani aliyekula?" Tulitazamana kama watoto mbele ya chungu tupu. Tangu siku hiyo picha na video hazishuki mpaka mtu aziite, na wifi inazimwa masaa ya kazi yakipita.

Namba ni ya nani?

Hapa tunaomba musome polepole.

Programu ya kuongea haiombi waya wala nyumba. Inaomba namba. Inatuma kodi ya tarakimu sita kwenye namba hiyo, na anayeipata kodi ndiye anayekuwa mwenye sauti ya koperative. Wanunuzi wako, mazungumzo ya bei na jina lenu zuri vyote vinafungwa kwenye namba hiyo. Na kila karte SIM katika nchi yetu inaandikwa kwa jina fulani. Ikiwa ni jina la mtu, basi siku atakapoondoka, siku atakapokosana na prezida, ao siku Mungu atakapomwita, sauti yenu itaenda naye.

Koperative si kundi la watu tu. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyokubaliwa mwaka 2010, inasema koperative iliyoandikishwa ni mtu mbele ya sheria. Inaweza kuwa na shamba, mizani, akaunti ya benki. Basi inaweza kuwa na namba pia. Muende na makaratasi yenu kwenye ajansi ya kampuni ya telefone, muombe namba iandikwe kwa jina la koperative. Kama hamujamaliza kuandikisha koperative, muandike PV: namba hii, yenye jina la ndugu fulani, ni mali ya koperative, naye ataiachia siku atakapotoka kwenye kazi. Atie sahihi, na washahidi watie sahihi. Haina nguvu sawa, lakini ni bora kuliko maneno ya mdomo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna mambo mengine manne tuliyoyajifunza kwa kuumia, ao kwa kuona jirani anaumia.

La kwanza, namba inakufa kwa njaa. Isipotumika kwa muda mrefu, kampuni inaweza kuichukua na kumpa mtu mwingine. WhatsApp nayo inafuta akaunti isiyofunguliwa kwa siku 120. Kwa walimaji hii ni hatari kweli, kwa sababu kati ya msimu na msimu kuna miezi ya kimya. Muweke unite kidogo na mufungue programu kila wiki, hata kama hakuna kahawa.

La pili, ile kodi ya tarakimu sita haipewi mtu yeyote. Wezi wanapiga telefone wakisema, "Mimi ni wa biro ya kampuni, kuna kodi imefika kwako kwa makosa, unisomee." Ukisoma, umempa funguo za depo. Muongeze pia namba ya siri ya pili ndani ya programu, muiandike kwenye karatasi, muitie ndani ya bahasha iliyofungwa, ikae pamoja na muhuri.

La tatu, namba ya kuongea na namba ya franka ziachane. Ikiwa koperative inapokea malipo kwa telefone, iwe kwenye karte nyingine, telefone nyingine ndogo, inayokaa kwa mweka hazina. Telefone ya kuongea inashikwa na watu wengi. Ya franka isishikwe na wengi.

La nne, habari za safari ya franka hazisemwi kwenye telefone. Wala saa ya boti, wala jina la anayebeba. Ujumbe wa sauti unatumwa kwa mtu mmoja, na kufika jioni umesikiwa na kijiji. Njia zetu tunazijua.

Nani anaongea?

Tulipoanza, tulipanga masaa ya telefone kuwa saa kumi na moja mpaka saa moja ya jioni. Tuliona ni saa nzuri, watu wametoka shambani. Mwezi wa kwanza, kwenye kaye, majina yote yalikuwa ya wababa. Tulishangaa. Kwenye mkutano mama mmoja akasimama, akatuambia: "Saa ile mimi niko na sufuria kwenye moto na mutoto kwenye mugongo. Ile telefone si ya koperative. Ni ya wababa wa koperative."

Hatukuwa na jibu. Wamama ndio wanachuma sehemu kubwa ya kahawa yetu, na ndio wanaichagua mbegu kwa mbegu kwenye meza. Sasa telefone inafunguliwa pia asubuhi ya siku ya soko, wakati wote wanapita. Wamama wawili wamejifunza kuiendesha, na mmoja ndiye anayeshika kaye. Mbele ya kupanga masaa, muulize wale ambao hawasemi kwenye mkutano.

Tuliweka sheria nyingine, nayo tuliichukua kwenye benchi la foni. Mazungumzo ya bei yanafanywa kwa sauti ya wazi, telefone juu ya meza, mbele ya memba watatu kwa uchache, na bei iliyosemwa inaandikwa pamoja na tarehe na jina la mnunuzi. Hakuna memba wa komite anayeenda nyuma ya nyumba kunong'ona bei. Lakini mama anayeongea na mtoto wake aliye Lubumbashi ao Ulaya, mlango unafungwa na sisi tunatoka nje. Foni ilifanya mambo yote yasikike. Telefone za poshi zimefanya yote yawe siri. Tunaona koperative inahitaji kuchagua: mambo ya bei wazi, mambo ya jamaa siri.

Walio na mashaka wako na haki

Kuna wazee walituambia tunapoteza franka. Tuliwasikiliza, na tunakiri kwamba wako na haki kwa sehemu.

Ni kweli kwamba kuongea kwa intaneti hakufiki kwa wote. Memba wengi wako na telefone ndogo ya kubonyeza, na WhatsApp haipigi kwenye telefone ya namna hiyo. Kwa hiyo hatukuacha unite za kawaida, na hatukuacha kumtuma kijana kupanda kilima. Mkutano ukiitwa kwa WhatsApp peke yake, umewaita wenye telefone kubwa, hujaita koperative.

Ni kweli intaneti inaweza kuzimwa. Tunakumbuka tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, nyuma ya uchaguzi: nchi nzima ilibaki bila intaneti karibu siku 20. Aliyekuwa na namba za wanunuzi ndani ya programu tu alibaki kipofu. Namba zote muhimu ziandikwe kwenye kaye, kwa bic.

Ni kweli pia kwamba gharama haziishii kwenye forfe. Tunakumbuka kodi ya RAM, iliyokuwa inakula unite zetu tangu mwaka 2020 mpaka ilipoondolewa mwaka 2022, na walimaji waliilipa bila kuelewa ni ya nini. Njo maana mega za koperative ziwe na mstari wake kwenye hesabu, na zisomwe mbele ya mkutano mkuu kama tunavyosoma kilo. Kwetu mazungumzo ya kazi yanalipwa na koperative, na ya jamaa yanalipwa na memba, kidogo, kwa dakika. Mukisema yote ni bure, mwezi wa pili telefone itanyamaza.

Na ni kweli kwamba kujua bei si kupata bei. Mwezi wa pili mwaka 2025 bei ya arabica kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa libra moja. Habari hiyo ilifika kwetu kwa ujumbe wa sauti, na kijana mmoja akataka tuidai bei hiyo hiyo siku ile ile. Ilibidi tukae tuelezane. Libra si kilo, ni kidogo chini ya nusu ya kilo. Bei ile ni ya kahawa iliyokobolewa na kuchaguliwa, tayari kupakiwa kwenye meli, si ya parche iliyo kwenye depo yetu. Kati yetu na meli kuna usafirishaji, kodi, makaratasi, na faida ya kila anayeigusa. Lakini nyuma ya kuelezana, tulipoongea na mnunuzi tulijua tunachouliza. Hakuweza kutuambia kwamba bei imeshuka wakati imepanda. Hiyo peke yake ililipa mega zetu.

Neno kwa wanaotusaidia

Tunasema pia na ndugu wa mashirika, pamoja na hili linalotuchapishia gazeti, na tunajua hawatakasirika. Mukija na telefone, musimpe mtu mmoja mbele ya kamera na watu wakapiga makofi. Muulize kwanza: itakaa nyumba gani? Namba itaandikwa kwa jina la nani? Nani atalipa mega mradi ukiisha? Tumeona telefone za mradi zikiwa za mtoto wa prezida nyuma ya miezi miwili. Tungependa zaidi mutusaidie kumaliza makaratasi ya koperative, na kufundisha watu wanne, wawili wawe wamama, kuliko kutuletea telefone kumi.

Na kwenu walimaji wenzetu, tunaomba jambo moja. Kwenye mkutano mkuu unaokuja, mtu mmoja asimame aulize: ikiwa sekretere wetu ataondoka kesho, mnunuzi atatupata kwa namba gani? Ikiwa chumba kitanyamaza, mujue munaishi kama tulivyoishi sisi mwaka uliopita.

Namba yetu mpya tumeiandika kwa rangi kwenye ukuta wa depo, juu ya mlango, kwa tarakimu kubwa. Wanunuzi wanaiona, watoto wanaisoma wakienda masomo, na wengine wanaijua kwa moyo. Sekretere wa zamani anaiita mara kwa mara kuuliza habari za mavuno, na tunampenda kama zamani. Wa sasa naye ni kijana mwenye akili, hatakaa kwetu siku zote. Siku atakapoondoka tutamsindikiza mpaka kwenye boti, tutamwombea safari njema, na namba itabaki ukutani.